Kisu, mionzi au dawa ya kupaka: kuchagua tiba ya saratani ya ngozi

Majibu ya biopsi, yaani kile kinyama kilichokatwa ili kipimwe, yametoka. Ni saratani ya ngozi, imewahiwa, na unaambiwa inatibika. Kisha yanaanza mashauri: daktari wa upasuaji anasema itolewe, mwenzake wa tiba ya mionzi anasema inaweza kuisha bila kukatwa, na ndugu mmoja amesikia kuna dawa ya kupaka tu. Wote watatu wanaweza kuwa wanasema kweli. Kinachobaki ni kujua ipi inakufaa wewe, kwa saratani uliyo nayo, mahali ilipoota na umri ulio nao.

Hapa nazilinganisha njia hizo kwa vipimo vilevile. Nitakaa zaidi kwenye mionzi, maana kuna wanaoiogopa kupita kiasi na kuna wanaoitegemea kupita kiasi, na pande zote mbili mara nyingi hazijaelezwa yote.

## Jua kwanza unapambana na ipi

Saratani ya ngozi si ugonjwa mmoja. Ile ya seli za basali hukua polepole na ni nadra mno kusambaa mbali, lakini ikipuuzwa inakula nyama, gegedu na hata mfupa ulio chini yake. Ile ya seli bapa, ambayo wengine huiita skwamasi, ina haraka zaidi na inaweza kufika kwenye tezi za limfu. Kwa watu weusi ndiyo inayoonekana zaidi, mara nyingi ikiota juu ya kovu la moto au kidonda cha miaka mingi kisichofunga. Kwa watu wenye ualbino zote mbili zinaweza kuja mapema, wangali vijana, hasa usoni, masikioni na shingoni.

Melanoma ni habari nyingine. Hutoka kwenye seli zinazoipa ngozi rangi, inaweza kusambaa upesi, na kwa watu weusi hupenda kujificha kwenye unyayo, kiganja na chini ya kucha. Tiba yake ya kwanza ni kukatwa. Mionzi ni msaidizi, na kwa iliyosambaa kuna dawa za kuamsha kinga ya mwili. Kama karatasi yako imeandikwa melanoma, usiahirishe upasuaji kwa sababu ya lolote utakalosoma hapa. Ninaposema saratani kuanzia sasa, nazungumzia basali na seli bapa.

## Mambo sita ya kupimia

Swali la "ipi ina nguvu zaidi" halikufikishi mbali. Bora uzipime njia zote kwa mambo haya: uwezekano wa kupona moja kwa moja; kama kuna uthibitisho kwamba saratani imetoka yote; muda na safari za hospitali; mwili unapitia nini wakati wa tiba; mahali hapo patakuwaje baada ya miaka; na ikirudi, utabakiwa na njia gani. Mawili ya mwisho ndiyo yanayosahaulika siku ya kuamua. Kwa maoni yangu ndiyo yanayopaswa kuamua zaidi, hasa kwa mtu ambaye bado ana miaka mingi mbele yake.

## Njia zenyewe

Upasuaji wa kawaida. Unapigwa ganzi, uvimbe unakatwa pamoja na ukingo wa ngozi inayoonekana nzima: milimita 4 hivi kwa basali ndogo isiyo na dalili mbaya, milimita 4 hadi 6 kwa seli bapa, na zaidi kwa saratani kubwa au kali. Kilichotolewa kinakwenda maabara.

Upasuaji wa Mohs. Umepewa jina la Frederic Mohs, daktari wa Marekani aliyeuanzisha miaka ya 1930. Daktari anakata tabaka jembamba, analichora ramani na kulisoma kwenye hadubini papo hapo. Akikuta seli za saratani zimebaki upande mmoja, anarudi kukata upande huohuo tu. Unaokoa ngozi nzima nyingi, lakini unataka daktari aliyefunzwa kazi hiyo mahsusi, na maabara iwe karibu na chumba cha upasuaji.

Mionzi. Hapa hutumika eksirei zisizopenya mbali, au elektroni, zinazoelekezwa kwenye uvimbe na ngozi inayouzunguka. Ni tiba kongwe. Eksirei ziligunduliwa 1895, na kufikia 1899 madaktari wa Stockholm walikuwa wameshaanza kutibu saratani za ngozi kwazo. Mionzi haiunguzi uvimbe ukaisha palepale kama wengi wanavyodhani. Inavunja vinasaba ndani ya seli, na seli iliyovunjwa hivyo hufa pale inapojaribu kugawanyika. Seli nzima nazo zinajeruhiwa, ila zinajua kujitengeneza vizuri zaidi, na ndiyo sababu dozi inagawanywa vipande vidogo vidogo: zipate muda wa kujiponya kabla ya kipindi kinachofuata. Ipo pia mionzi ya karibu, yaani brakitherapi, ambapo chanzo cha mionzi kinalazwa juu ya ngozi ndani ya kifuniko kilichofinyangwa kufuata umbo la pua au sikio. Hiyo husaidia mahali penye mikunjo.

Dawa ya kupaka na zinazofanana nayo. Krimu za imikwimodi na fluorourasili, kugandisha kwa nitrojeni kimiminika, tiba ya mwanga (dawa inapakwa kisha inamulikwa), kukwangua na kuchoma kwa umeme. Zote zimetengwa kwa saratani nyembamba au ndogo, zisizo na mizizi mirefu.

## Uwezekano wa kupona

Kwa saratani ndogo ambayo haijawahi kutibiwa, kisu na mionzi vyote huponya watu wengi. Mionzi peke yake huponya takriban 9 kati ya basali ndogo 10, au zaidi. Hiyo si tiba ya kukatia tamaa.

Lakini ilipowekwa ana kwa ana na kisu, kisu kilishinda. Jaribio lililofanywa Ufaransa na kuchapishwa 1997 liliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 347 wenye basali ya usoni isiyofika sentimita 4. Baada ya miaka 4, saratani ilikuwa haijaisha au imerudi kwa 0.7% ya waliokatwa na 7.5% ya waliopewa mionzi. Ni haki kusema kwamba wengi wa kundi la mionzi walitibiwa kwa kuchomekewa chanzo cha mionzi ndani ya ngozi, njia ambayo leo haitumiki sana kwa kazi hii. Hata hivyo pengo lilikuwepo, na mgonjwa anayechagua mionzi ana haki ya kuambiwa hivyo kabla ya kutia sahihi.

Kati ya aina mbili za kisu, jaribio la Uholanzi lilifuatilia basali za usoni zenye hatari kubwa kwa miaka 10. Kwa waliotibiwa kwa mara ya kwanza, ilirudi kwa 4.4% ya waliofanyiwa Mohs na 12.2% ya waliokatwa kwa kawaida. Kwa wale ambao saratani yao ilikuwa imeshatibiwa ikarudi, ilikuwa 3.9% dhidi ya 13.5%, na kwa kundi hilo la pili ndipo tofauti ilipokuwa imara kitakwimu. Kwa hiyo faida kubwa ya Mohs ipo kwenye saratani sugu za usoni. Kwenye doa dogo la mgongoni haina kazi hiyo.

Dawa ya kupaka iko nyuma, lakini si kwa kiasi cha kudharauliwa. Jaribio la Uingereza la basali zisizo na hatari kubwa, lililogawa wagonjwa 501 kati ya imikwimodi na kisu, lilikuta baada ya miaka 5 kwamba imikwimodi ilifaulu kwa 82.5% na kisu kwa 97.7%. Zaidi ya 8 kati ya 10 walipona bila hata sindano ya ganzi. Kwa seli bapa iliyokwisha kupenya, krimu hazifai. Zinatumika tu pale ugonjwa ungali umebaki kwenye tabaka la juu kabisa la ngozi.

## Uthibitisho kwamba imetoka

Hapa kisu kina faida ambayo mionzi haiwezi kuwa nayo. Kipande kilichokatwa kinasomwa, na unapewa majibu yanayosema kingo ni safi au si safi. Katika upasuaji wa kawaida maabara husoma vipande vya sampuli tu vya ukingo. Katika Mohs husomwa ukingo mzima.

Mionzi haikuachii kipande cha kusoma. Daktari anakadiria mipaka kwa macho na mikono kabla ya kuanza, anaongeza ukingo wa usalama, kisha anafuatilia uvimbe unavyonywea wiki baada ya wiki. Kwa sababu hiyo biopsi kabla ya mionzi si jambo la kuruka. Bila kinyama hicho hakuna nafasi nyingine ya kujua ilikuwa saratani gani, na ilikuwa na tabia gani. Wapo wanaoogopa kwamba kukata kinyama kunaisambaza. Si kweli kwa saratani hizi. Linaloleta hasara ni miezi ya kusubiri kwa hofu hiyo. Krimu, kugandisha na tiba ya mwanga zina upungufu uleule wa mionzi: hakuna ukingo wa kuonyeshwa.

## Muda na safari

Upasuaji wa kawaida huisha siku moja, kwa kawaida ukiwa macho. Nyuzi hutolewa baada ya wiki moja hivi usoni, wiki mbili hivi miguuni. Mohs nayo ni siku moja, ila inaweza kuwa siku nzima kweli, kwa sababu baada ya kila tabaka unakaa na bandeji ukingoja hadubini iseme.

Mionzi inakutaka urudi na urudi. Kila kipindi ni dakika chache na hutasikia chochote, lakini ni Jumatatu hadi Ijumaa. Ratiba ndefu, ya Gy 60 hadi 70 (Gy, grei, ndicho kipimo cha dozi), huchukua wiki 6 hadi 7. Za kati, Gy 50 hadi 55, huchukua wiki 3 au 4. Kwa mzee aliyedhoofika kuna ratiba fupi za vipindi 5 hivi, na kwa uvimbe mdogo hata kipindi kimoja. Kadiri dozi ya kila kipindi inavyokuwa kubwa, ndivyo ngozi inavyoharibika zaidi miaka ya baadaye. Kwa mtu wa miaka 88 anayechoka kwa safari, huo ni mkataba mzuri. Kwa mwenye miaka 62 sivyo. Kwa hiyo ukikubali mionzi, kazi haijaisha: uliza pia utapewa ratiba ipi na kwa nini.

Krimu unajitibu mwenyewe nyumbani. Imikwimodi kwa basali nyembamba hupakwa siku 5 kwa wiki, wiki 6. Inataka mtu atakayevumilia kuipaka hata ngozi ikianza kuwasha na kuchubuka.

## Mwili unapitia nini

Kisu unakijua: maumivu ya siku chache, damu, pengine maambukizi, na ganzi ya kudumu kwenye kipande kidogo cha ngozi ikiwa neva imekatwa. Uvimbe mkubwa unaweza kudai ngozi ipandikizwe kutoka mahali pengine, na hapo unakuwa na vidonda viwili vya kuuguza. Dawa za kuzuia damu kuganda hazikuzuii moja kwa moja kukatwa. Mwambie daktari unazitumia, na usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe. Kiharusi ni kibaya kuliko kidonda kinachotoka damu.

Mionzi ina mwendo ambao kila mgonjwa anapaswa kuelezwa siku ya kwanza. Wiki mbili za mwanzo unaweza kudhani mashine haifanyi kazi. Kisha ngozi inaanza kuwaka: kwa mweupe inakuwa nyekundu, kwa mweusi inaiva na kuwa nyeusi zaidi. Inakauka, inachubuka, inatoa majimaji, inaweka gamba. Hali huwa mbaya zaidi kuelekea mwisho wa tiba na wiki moja au mbili baada ya kumaliza, kisha inaanza kupona, mara nyingi ndani ya wiki 4 hadi 6. Asiyejua haya anaamini ameunguzwa, na wengine huacha tiba katikati hapo hapo.

Mengine hutegemea mahali. Nywele zilizo ndani ya eneo lililopigwa huanguka na mara nyingi hazirudi, ziwe kope, nyusi au ndevu. Nywele za kichwani haziguswi kama kichwa hakikupigwa. Puani kunakauka na kutoa damu kidogo. Mdomoni kunaota vidonda. Karibu na jicho, kinga ya madini ya risasi huwekwa ili kulilinda, na bado jicho linaweza kubaki kavu au kutokwa machozi. Kutapika si kawaida ya tiba hii ya ngozi. Na hili lisemwe wazi kwa sababu linatenga watu na watoto wao bila sababu: mionzi inayotoka kwenye mashine ikizimwa imekwisha, haibaki mwilini, na unaweza kumpakata mjukuu jioni ileile.

Krimu huleta kidonda chenye gamba mahali ilipopakwa, na imikwimodi wakati mwingine huleta homa na maumivu ya mwili. Kugandisha huacha lengelenge, kisha doa jeupe, ambalo kwenye ngozi nyeusi linaonekana sana.

## Patakuwaje baada ya miaka

Wengi huchagua mionzi ili kukwepa kovu. Ukitazama mwaka wa kwanza, mara nyingi wako sahihi. Ngozi imefunga vizuri, hakuna mstari wa nyuzi, umbo la pua lipo kama lilivyokuwa.

Ila kovu la kisu na alama ya mionzi havizeeki kwa mwendo mmoja. Kovu la kisu huanza likiwa jekundu au gumu, kisha hulainika na kufifia kadiri miezi inavyopita. Ngozi iliyopigwa mionzi hufanya kinyume: taratibu inapauka au inabaki na mabaka ya rangi, inakuwa nyembamba, inatoa vishipa vidogo vya damu, inakakamaa. Katika lile jaribio la Ufaransa, matokeo ya sura yalihesabiwa kuwa mazuri kwa 87% ya waliokatwa na 69% ya waliopewa mionzi, baada ya miaka 4. Mara chache sana gegedu au mfupa wa chini hufa na kuleta kidonda kigumu kufunga. Na baada ya miaka 10 au zaidi, mahali palipopigwa panaweza kuota saratani mpya. Ndiyo maana madaktari wengi husita kuwapa mionzi walio chini ya miaka 60 kama kuna njia nyingine.

Upande wa pili wa mizani upo, nao ni mzito. Kuna mahali ambapo kukata vya kutosha maana yake ni kuondoa nusu ya bawa la pua, kona ya mdomo inayozuia mate yasitoke, au kope linalolinda jicho. Hapo mionzi inaokoa kiungo na kazi yake, na doa lililopauka ni bei ndogo. Vilevile mwenye historia ya keloidi, yaani kovu linalovimba na kupita mipaka ya kidonda, hasa sikioni, kifuani au begani, alitaje hilo mapema, kwa sababu kovu lake la kisu linaweza lisifuate mwendo mzuri nilioueleza.

## Ikirudi, unabaki na nini

Kwangu hili ndilo kiini cha uamuzi. Njia hizi hazibadilishani nafasi kwa usawa.

Ukianza na kisu na saratani ikarudi, milango yote ingali wazi: kukatwa tena, Mohs, mionzi. Ukianza na mionzi na ikarudi palepale, kwa kawaida mionzi haiwezi kurudiwa kwa dozi ya kuponya, kwa sababu ngozi hiyo imeshabeba kiasi inachoweza kubeba. Kinachobaki ni kisu, nacho sasa kinakata kwenye ngozi iliyokakamaa, yenye damu haba, inayopona kwa tabu, na mipaka ya uvimbe ni migumu kuiona. Dawa ya kupaka ikishindwa, kisu na mionzi vyote vingali vinawezekana, ingawa saratani inaweza kuwa imejificha chini ya ngozi iliyofunga juu.

Kwa mtu wa miaka 45 mpangilio huu ni jambo kubwa mno. Kwa mtu wa miaka 90, ambaye moyo wake una matatizo mazito kuliko uvimbe wa shavuni, si jambo kubwa hivyo.

## Pale vinapohitajika vyote viwili

Wapo wanaokatwa kisha wakaambiwa waongezewe mionzi, wakadhani upasuaji umeshindwa. Sivyo. Kwa seli bapa kali hilo linaweza kuwa sehemu ya mpango: saratani imefuata neva, imefika kwenye tezi za limfu, au kingo si safi na hapawezi kukatwa tena. Mionzi inakwenda kusafisha yasiyoonekana. Kuhusu kuongeza dripu ya karboplatini, dawa ya kemikali ya kuua seli za saratani, juu yake, jaribio la wagonjwa 321 wenye seli bapa kali za ngozi ya kichwa na shingo, lililochapishwa 2018, halikuona faida. Ukipendekezewa dripu hiyo baada ya upasuaji, omba uelezwe sababu kwa kesi yako.

Kwa saratani iliyokwisha vuka uwezo wa kisu na mionzi, kuna dawa za mwili mzima: vismodegibu kwa basali, iliyoidhinishwa Marekani 2012, na semiplimabu kwa seli bapa, iliyoidhinishwa huko 2018.

## Wasiofaa kupewa mionzi

Hawa ni muhimu kuliko orodha yoyote ya faida. Mwenye ugonjwa wa kurithi wa Gorlin huweza kuota basali nyingi mpya ndani ya eneo lililopigwa. Mwenye zeroderma pigmentosamu, ambaye seli zake hazijui kutengeneza vinasaba vilivyoharibika, naye aepushwe. Mwenye skleroderma au lupasi inayowaka, magonjwa ambayo kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe, anaweza kupata madhara makali kuliko kawaida. Aliyewahi kupigwa mionzi mahali hapohapo amsimulie daktari, hata kama ni miaka 30 iliyopita na kwa ugonjwa mwingine. Mjamzito aseme mara moja. Mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo anaweza kutibiwa, ila timu ijue kabla.

Saratani iliyoota kwenye kovu la moto au kidonda sugu kwa kawaida hukatwa kwa upana, maana pale damu ni haba na ngozi iliyopigwa mionzi hupona vibaya. Mguu chini ya goti nao hupona polepole baada ya mionzi, hasa kwa mwenye kisukari au mishipa iliyoziba.

## Kwa hali yako

Una chini ya miaka 60, uvimbe ni mdogo na unakatika: kisu kina sababu nyingi kuliko vingine. Ukiwa na ualbino, sababu hizo zinaongezeka, kwa kuwa huenda ukahitaji tiba zaidi ya mara moja maishani. Mionzi iwekwe akiba kwa ajili ya siku itakapohitajika kweli.

Ipo puani, kwenye kope, sikioni au mdomoni, au imeshatibiwa ikarudi: tafuta Mohs kama inapatikana. Isipopatikana, upasuaji wa kawaida unaosubiri majibu ya kingo kabla ya kufunga kidonda kwa ngozi ya kupandikiza ni njia ya busara. Mionzi iingie kwenye mazungumzo pale kukata kutaondoa kazi ya kiungo.

Una miaka zaidi ya 70, moyo au mapafu hayako sawa, au hutaki kabisa kukatwa: mionzi ni chaguo la heshima na huponya wengi. Kama safari ni mzigo, uliza ratiba fupi. Na kwa aliyedhoofika sana mwenye basali ndogo isiyomsumbua, kuitazama tu bila kuigusa nako ni uamuzi halali, mradi daktari anaifuatilia.

Basali yako ni nyembamba, iko mgongoni au mkononi, na una uvumilivu wa wiki 6: krimu inastahili kujadiliwa, ukijua kwamba karibu mtu 1 kati ya 5 atahitaji tiba nyingine.

Umepewa rai na daktari mmoja tu: omba kumwona wa upande wa pili pia kabla ya kuamua. Anayekata hujua zaidi kukata, na wa mionzi hujua zaidi mionzi; si ubaya wao. Waulize wote wawili swali hili hili: "Ikirudi baada ya tiba yako, utanifanyia nini?"

Umeshaanza mionzi na ngozi imechubuka, unataka kupumzika: zungumza na timu siku hiyohiyo, kabla ya kukosa kipindi. Pengo la siku nyingi huipa saratani, hasa ya seli bapa, muda wa kuota upya katikati ya dozi, ilhali mchubuko huo una dawa za maumivu, mafuta na bandeji zisizonata ambazo zinaweza kukufikisha kipindi cha mwisho.